Maji Yana Wasemaji, Majitaka Hayana

Kibirizi, ufukwe wa wavuvi wa Kigoma, huamka kabla ya mji. Jua halijapanda juu ya vilima, mitumbwi ya dagaa imeshaingia, taa zimezimwa, na akina mama wameanza kuanika juu ya chanja na mchangani. Hatua chache kutoka hapo mtoto anachota maji ziwani kwa dumu la lita 20, mwanamke anafua, na kijana anaosha pikipiki yake magurudumu yakiwa ndani ya maji. Mfereji unaoshuka kutoka mitaani unaingia ziwani papo hapo. Kila mtu pale anajua umebeba nini, na hakuna anayeona ajabu.

Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina chake kinafika mita 1,470. Duniani linazidiwa kina na Baikal peke yake. Linakadiriwa kubeba karibu asilimia 17 ya maji baridi yote duniani yaliyo juu ya ardhi, ukiacha barafu. Mji wa Kigoma/Ujiji, wenye watu zaidi ya 230,000 kwa sensa ya 2022, umekaa mdomoni mwa hazina hiyo. Ndiyo maana mgeni akifika huuliza swali lile lile: inakuwaje mtu anayeliona ziwa kutoka dirishani mwake anunue maji kwa dumu? Swali ni la haki ila limechakaa, na linajibika. Ziwa amelitoa Mungu bure, bomba lina gharama. Linalostahili kuulizwa zaidi ni nani analipa maji yapande mlimani, na nani analipa yanaposhuka yakiwa machafu. Sehemu ya kwanza ya swali hilo ina wasemaji wengi kuanzia mtaani hadi Dodoma. Sehemu ya pili haina hata mmoja.

Tuanze na kupanda. Bandari na stesheni ya reli ziko chini kandokando ya ghuba, na Ujiji ya kale ni tambarare, lakini mji uliokua baada ya hapo umepanda vilima. Maji ya ziwa hayapandi kwa kuombwa. Hesabu ya fizikia ya sekondari inasema kuinua lita 1,000 kimo cha mita 100, kwa pampu nzuri, kunakula karibu uniti 0.4 ya umeme. Ukiinua lita milioni 10 kwa siku, umekula uniti 4,000, na hapo hujahesabu msuguano wa mabomba wala dawa ya kutibu maji. Mji wenye chemchemi mlimani huachia maji yateremke yenyewe. Kigoma, pamoja na utajiri wake wote wa maji, inalipia kila ndoo mara mbili: kuisafisha na kuinyanyua. Na kwa miaka mingi mkoa huu ulikuwa nje ya gridi ya taifa, umeme wake ukitoka kwenye jenereta za dizeli. Umeme ulipokatika pampu zilisimama, na mitaa ya juu ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukauka. Hali ilianza kubadilika katika miaka ya karibuni, gridi ilipoingia mkoani kupitia Nyakanazi.

Nani alipe hayo yote? Jibu la taifa limebadilika mara kadhaa. Mwaka 1971 Serikali ilitangaza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi karibu na nyumbani kwake ifikapo 1991, tena bure. Ilikuwa ndoto njema iliyosahau fundi, mafuta ya mashine na vipuri. Mashine nyingi zilikufa mikononi mwa kamati zisizo na senti. Sera ya Maji ya 2002 ikageuza meza: mtumiaji alipie uendeshaji, Serikali na wahisani wagharamie uwekezaji mkubwa. Ikafuata Programu ya Maendeleo ya Sekta ya Maji kuanzia 2006, na bei za mamlaka za maji zikawekwa chini ya mdhibiti, EWURA. Sheria Na. 5 ya 2019 ikazaa RUWASA kwa ajili ya vijijini na ikaupa Mfuko wa Taifa wa Maji nafasi yake kisheria.

Mfuko huo una historia ambayo mtetezi yeyote wa maji anapaswa kuijua. Chanzo chake kikuu ni tozo ya Sh50 kwa kila lita ya petroli na dizeli, fedha ambayo haingoji huruma ya mhisani. Wabunge wa vyama vyote waliipigania msimu baada ya msimu ipande hadi Sh100. Ni nadra kuona Bunge letu likishikamana hivyo juu ya kuongeza tozo. Serikali ilikataa, ikihofia bei ya mafuta kupanda na kila kitu kupanda nayo. Hofu hiyo haikuwa ya bure: Kigoma iko mwisho wa reli, na kila senti inayoongezwa kwenye dizeli ya lori inaonekana kwenye bei ya sukari Mwanga sokoni. Hata hivyo wabunge walikuwa na hoja nzito. Fedha ya tozo ilifika, wakati fedha ya bajeti ya kawaida iliahidiwa Juni ikaja kwa mafungu, au isije.

Na bajeti yenyewe inayumba. Fungu 49, yaani Wizara ya Maji, liliomba takriban Sh bilioni 756 kwa mwaka 2023/24, na mwaka uliofuata likaomba takriban Sh bilioni 628. Mamlaka ya maji inayopanga bomba la miaka 30 inatazama mfuko unaopanda na kushuka kama maji ya ufukweni Katonga wakati wa masika.

Ndiyo maana miji kama Kigoma imeishi kwa kutegemea wahisani. Mradi mkubwa wa kizazi hiki, ule wa chanzo cha Amani Beach, ulijengwa kwa fedha za Ujerumani kupitia benki ya KfW na za Umoja wa Ulaya. Ulianza kutekelezwa mwaka 2013 na ulitakiwa kwisha kwa muda mfupi, lakini ukaburuzwa miaka na miaka, na kila kiongozi aliyepita akaacha agizo lake pale. Uwezo wake ni lita milioni 42 kwa siku. Mpe kila mkazi lita 100 kwa siku, kiwango ambacho kaya nyingi haziwezi hata kukitumia, bado utahitaji lita milioni 23 tu. Kwa maneno mengine, tatizo la Kigoma la leo halipo tena ziwani wala kwenye mtambo. Limehamia kwenye mabomba ya usambazaji, matangi ya juu, bili ya umeme na uunganishaji wa nyumba. Mtambo mpya ukitegemea mabomba machakavu ni kama moyo wa kijana kwenye mwili wa mzee: ukisukuma kwa nguvu, mishipa inapasuka.

Kasulu, jirani wa juu, imeingizwa kwenye mradi wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo wa dola milioni 500 kutoka India. Ni mkopo, maana yake Hazina itaulipa, maana yake sisi. Sina ugomvi na mkopo wa maji. Nina shaka na mazoea yaliyozaliwa na miradi ya aina hii: tumejifunza kuomba mtambo na kusahau kuomba uendeshaji wake. Mtambo una jiwe la msingi na siku ya kukata utepe. Koki ya Sh30,000 iliyokatika huko Businde haina sherehe.

Hesabu ya uendeshaji ni hii. EWURA huzigawa mamlaka kwa madaraja, kuanzia zile zinazojitegemea hadi zile ambazo bila ruzuku ya umeme haziwezi kusimama. Kote nchini zaidi ya theluthi ya maji yanayozalishwa hayaleti fedha: yanavuja njiani, yanaibwa, au yanapita kwenye dira iliyokufa. Fikiria dereva wa daladala anayeingiza abiria 30 na 10 kati yao hushukia dirishani. Halafu kuna deni la duara. Taasisi za umma zinatumia maji na kuchelewa kulipa, mamlaka ya maji inashindwa kuilipa TANESCO bili ya umeme, na TANESCO nayo ina wadai wake. Machi 2017 Rais Magufuli aliiamuru TANESCO ikate umeme kwa kila mdaiwa sugu bila kujali ni nani. Amri ilishangiliwa. Lakini ukiikatia umeme pampu ya maji kwa sababu kambi au gereza halijalipa bili ya maji, anayekaa na ndoo tupu ni mama wa Gungu aliyelipa yake.

Na huyo mama hulipa ghali kuliko wote. Uniti moja ya maji ni madumu 50. Akinunua dumu kwa Sh100, uniti imemfikia kwa Sh5,000, na akiletewa na mtu wa toroli ni zaidi. Bei za majumbani za mamlaka nyingi nchini ziko chini sana ya hapo. Kwa hiyo anayepiga kelele kwamba bei ya bomba isipandishwe hata shilingi moja, kwa jina la maskini, mara nyingi anamtetea mwenye bomba tayari. Maskini wa Kigoma anahitaji kuunganishwa: gharama ya kuunganishiwa igawanywe kidogo kidogo kwenye bili, na kioski kiwe karibu chenye bei inayosimamiwa. Hapo ndipo ruzuku ya Serikali ingemgusa.

Sasa tushuke na maji.

Wahandisi hukadiria kwamba karibu asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka tena yakiwa majitaka. Ukifanikiwa kuingiza mjini lita milioni 20 za maji safi, umetengeneza pia lita milioni 16 za maji machafu, kila siku ya Mungu, na lazima yaende mahali. Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Mwanza, Tanga, Dodoma, Tabora na miji mingine michache ina mtandao wa mabomba ya majitaka, hata kama hauwafikii wengi. Kigoma inaishi kwa vyoo vya shimo na makaro. Hilo peke yake si aibu. Choo cha shimo kilichojengwa vizuri ni teknolojia ya heshima. Aibu inaanza kinapojaa. Gari la kunyonya haliwezi kuingia kwenye vichochoro vya Ujiji, na hata likiingia, linanyonya likamwage wapi? Ndipo linapokuja neno ambalo kila mpangaji analijua: kutapisha. Mvua kubwa ikinyesha usiku, kuna watu hutoboa karo au hufungua choo, mkondo ukachukua kila kitu. Asubuhi uwanja umeoshwa, na mzigo umeshafika chini. Katubuka, ambako maji ya mvua hujaa bwawani yasijue pa kutokea, nyumba zimeingiwa na maji, na kinachoelea humo hakihitaji kuelezwa.

"Ziwa ni kubwa, litameza." Hayo ndiyo maneno ya mtaani, na nimeyasikia hata kwa watu waliosoma. Yanaonekana ya kweli ukisimama Bangwe ukatazama milima ya Kongo ng'ambo. Lakini ziwa hili lina tabia yake. Mlango wake wa kutokea ni mmoja, mto Lukuga huko Kalemie, na unatoa kidogo. Maji mengi huondoka kwa mvuke. Mvuke haubebi uchafu. Kinachoingia kinabaki, na maji ya chini kabisa, yasiyo na hewa ya oksijeni, hayachanganyiki ovyo na ya juu. Tabaka la juu tunalovua dagaa, tunaloogea na tunalokunywa ni ukoko mwembamba juu ya shimo refu. Tena majitaka ya mji hayaendi katikati ya ziwa. Yanakaa ufukweni kwenye ghuba, mahali pale pale mtoto wa Kibirizi anapotumbukiza dumu.

Gharama ya kuyapuuza hayo mwambao huu umeshailipa. Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi waliokimbia machafuko waliteremkia Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na ziwa, kisicho na barabara. Walikunywa maji ya ziwa na kujisaidia kandokando yake. Kipindupindu kikalipuka. Kabla mwezi haujaisha wagonjwa walikuwa zaidi ya 3,000 na waliokufa wapatao 30, wakimbizi na wenyeji. MV Liemba, meli kongwe ya enzi za Wajerumani, iligeuka daraja la kuwatoa watu pale kuwaleta Kigoma mjini. Wengi wanaikumbuka Kagunga kama habari ya wakimbizi. Mimi naikumbuka kama somo la majitaka: maji yale yale, umati ule ule, ungekuwapo mtaro na choo, hadithi ingekuwa nyingine.

Ng'ambo, katika mji wa Uvira nchini Kongo, somo limeandikwa kwa takwimu. Watafiti wa chuo cha tiba za tropiki cha London walilinganisha siku ambazo bomba la mji lilitoa maji na siku ambazo wagonjwa walilazwa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2015. Siku moja ya mji mzima kukosa maji ya bomba ilifuatiwa, ndani ya siku 12, na ongezeko la asilimia 155 la wanaoshukiwa kuwa na kipindupindu, ukilinganisha na siku ambayo maji yalitoka ya kutosha. Karibu robo ya wagonjwa wote waliolazwa walihusishwa na kukatika huko. Takwimu hiyo ingepaswa kubandikwa mlangoni mwa kila ofisi inayopanga bajeti ya umeme wa pampu. Bomba likikauka, watu hawaachi kunywa. Wanarudi ziwani, na ziwani wanakutana na kile walichokitapisha.

Kwa nini basi majitaka hayana mtetezi? Sababu ya kwanza ni ya kibinadamu: nani anataka picha yake ya kampeni ipigwe mbele ya bwawa la kinyesi? Mbunge huahidi maji, diwani huahidi maji. Hata lugha yetu ya adabu inalikwepa jambo lenyewe, tunasema "usafi wa mazingira" watu wafikirie kufagia. Kisha kuna fedha. Maji safi yanauzwa kwa dumu, majitaka hayana mteja. Tanga UWASA, mamlaka ya maji ya Tanga, iliweka historia Februari 2024 ilipoanza kuuza hatifungani ya kijani ya Sh bilioni 53.12, ya miaka 10 kwa riba ya asilimia 13.5, na ikapata zaidi ya ilichoomba. Watu wa Kigoma wamenong'ona: nasi je? Tanga ina viwanda vya saruji, ina bandari, na mamlaka yake imejijengea jina kwa miaka mingi ya mahesabu safi. Mwekezaji anakopesha penye bili zinazolipwa. Kwa majitaka ya mji unaoishi kwa dagaa, mawese na biashara ya mpakani, soko la hisa halitakuja kesho.

Wala halikuja kwanza kwa wengine. London ilijenga mitaro yake mikuu baada ya kiangazi cha 1858, uvundo wa mto Thames ulipoingia ndani ya Bunge lenyewe. Waheshimiwa waliziba pua, kisha wakapitisha fedha haraka. Marekani, nchi inayojisifu kwa soko huria, ilitunga sheria ya maji safi mwaka 1972 na serikali kuu ikawa inabeba hadi robo tatu ya gharama za mitambo ya majitaka ya miji. Mwaka 1987 tu ndipo ilipoanza kuibadilisha ruzuku hiyo kuwa mifuko ya mikopo nafuu inayozunguka, na hadi leo mamlaka zao za maji hutuma watu Washington kila mwaka kuitetea isipunguzwe. Hata huko majitaka hayakusafishwa kwa bili za wateja peke yake. Bahati mbaya yetu ni kwamba harufu ya Kibirizi haifiki Dodoma.

Kwetu vyombo vya kufanya utetezi wa namna hiyo vipo, ila sauti yao ni nyembamba. Mamlaka za maji zina umoja wao, ATAWAS, na asasi za kiraia zina mtandao wao, TAWASANET. Tatizo la mamlaka ni kwamba haiwezi kumpigia kelele waziri anayeiteulia bodi. Kelele lazima itoke nje yake, na Kigoma iliwahi kuwa na jukwaa la kuanzia. Mwaka 2016 Manispaa ya Kigoma/Ujiji ilichaguliwa kuwa miongoni mwa serikali za mitaa 15 za kwanza duniani katika mpango wa uendeshaji wa serikali kwa uwazi. Mwaka uliofuata Tanzania ikajitoa kwenye mpango huo, na manispaa ikaondoka nayo. Ulikuwa uamuzi wa hasara. Bila kujua kiasi kilichotengwa na kiasi kilichofika, mtetezi hubaki na malalamiko tu.

Mimi naona vipaumbele vimekaa kinyume. Chanzo cha maji kipo. Shilingi inayofuata isitafute chanzo kingine. Iende kwenye mabomba ya mitaani na dira zinazofanya kazi. Inayoifuata hiyo iende kwenye mtambo wa kuchakata topetaka inayonyonywa vyooni, mabwawa machache na magari madogo yanayoweza kuingia vichochoroni, mambo ya gharama ndogo mno kuliko mtandao kamili wa mabomba ya majitaka, ambao Kigoma haitaupata kwa miaka mingi na haina haja ya kuungoja. Mataifa manne yanayolizunguka ziwa yalitia saini mkataba wa kulitunza jijini Dar es Salaam mwaka 2003 na kuunda mamlaka ya pamoja yenye makao Bujumbura. Lakini mkataba haunyonyi karo. Kazi hiyo ni ya mji, kwa fedha ya nchi.

Bajeti ya Wizara ya Maji husomwa bungeni kila Mei. Msomaji wa Kigoma, ikisomwa tena, usimuulize mbunge wako maji yatatoka lini. Jibu la swali hilo analo kichwani. Muulize katika Fungu 49 mji wako umetengewa shilingi ngapi za majitaka, na za mwaka jana zilizofika ni ngapi.